Kivuko Hakibebi Lumbesa: Kwa Nini Kivuko Huondolewa Watu Wakiwa Wengi, na Nini Hutokea Kingine Kinapoletwa

Msikilizaji wetu mmoja wa Binza alitutumia ujumbe baada ya kipindi cha asubuhi. Aliuliza hivi: "Kwa nini wanasubiri watu tujae ndiyo wapeleke kivuko matengenezo? Na hicho wanachotuletea badala yake, tuna uhakika gani nacho?"

Maswali yote mawili ni ya msingi. Hewani tulikuwa na dakika chache tu, kwa hiyo tumeona tuyajibu hapa kwa urefu, ili uweze kuyasoma kwenye simu yako kabla hujaanza safari.

Swali la kwanza lina majibu kadhaa, na mengi yanaeleweka. Swali la pili ndilo zito zaidi. Kwa uzoefu wa nchi yetu, siku kivuko kinapoondolewa kwenda kutengenezwa, hatari hubaki gatini. Watu ni walewale, mizigo ni ileile, lakini chombo kilichobaki au kilicholetwa ni kidogo zaidi.

Simiyu na maji ya ziwa

Mtu anaweza kusema habari za vivuko ni za watu wa Ukerewe na Kigamboni, sisi wa Bariadi, Maswa, Itilima na Meatu tunalima pamba na kufuga ng'ombe. Sivyo. Mkoa wetu unagusa Ziwa Victoria upande wa Busega, na ndugu zetu wengi wako ng'ambo ya maji.

Ukitoka huku kwenda Ukerewe, njia ya wengi ni Bariadi, Lamadi, Bunda, kisha Kisorya. Pale unapanda kivuko hadi Rugezi, halafu unaendelea kwa gari hadi Nansio. Wengine huenda Mwanza mjini na kupanda meli. Kuna walio na shamba au shemeji Buchosa, na kuna wanaokwenda kisiwa cha Kome kupitia Nyakaliro. Na kwa miaka mingi, wengi waliokwenda Sengerema, Geita, Chato au Bukoba kwa gari kupitia Mwanza walikutana na foleni ya Kigongo na Busisi.

Safari hizo hujaa kwa majira. Pamba ikishauzwa watu wana fedha mkononi, kwa hiyo wanakwenda kuoa, kulipa madeni na kusalimia wazazi. Desemba kuna Krismasi na mwaka mpya. Januari wanafunzi wanarudi shuleni na masanduku yao. Siku ya mnada au gulio, kivuko kilichokuwa na nafasi jana leo hakina pa kukanyaga.

Nani anahusika na nini

Vivuko vya Serikali, yaani vile vinavyovusha watu na magari kutoka gati moja hadi la pili, viko chini ya Wakala wa Ufundi na Umeme, TEMESA. Wakala huu ulianzishwa mwaka 2005, na ndio pia hutengeneza magari ya Serikali.

Meli za safari ndefu ziwani, kama MV Victoria na MV Butiama, ziko chini ya kampuni ya Serikali iliyojulikana kwa miaka mingi kama MSCL, na sasa inaitwa TASHICO.

Anayekagua chombo na kutoa cheti kwamba kinafaa kusafiri ni Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC. Shirika hilo ndilo linalosema chombo fulani kibebe abiria wangapi na mizigo kiasi gani. Kwa hiyo, idadi ya abiria iliyoandikwa kwenye chombo haikutokana na matakwa ya nahodha wala ya mkata tiketi. Imepigiwa hesabu kutokana na umbo la chombo, uzito wake na vifaa vya kujiokolea vilivyomo.

Kutengeneza kivuko kuna maana tatu

Tunaposikia "kivuko kiko matengenezo" tunadhani ni kitu kimoja. Kuna kazi za aina tatu, na kila moja ina muda wake.

Ya kwanza ni ya kila siku. Kabla ya safari fundi anaangalia oili, mafuta, maji ya kupoozea injini, betri, na kama kuna maji yameingia chini ya sakafu ya chombo. Ni kama unavyokagua pikipiki yako asubuhi kabla hujapakia abiria.

Ya pili ni ya kuhesabu saa. Gari hupelekwa sevisi kwa kilomita, lakini injini ya kivuko hupelekwa kwa saa ilizofanya kazi. Saa zikitimia, oili na chujio hubadilishwa na sehemu zinazochakaa hukaguliwa. Ziwani kwetu kuna adui mwingine, magugu maji. Injini hunyonya maji ya ziwa ili ipoe. Magugu yakiziba pale maji yanapoingilia, injini inapata joto kali na inaweza kuzimika katikati ya safari. Yakijisokota kwenye panga boi, chombo kinakosa nguvu.

Ya tatu ndiyo kubwa. Chombo hutolewa majini kabisa na kupandishwa kwenye chelezo, yaani sehemu maalumu ya ufukweni ambako meli huvutwa nchi kavu. Hapo mafundi hukwangua kutu na uchafu, na kupima unene wa vyuma vya chini. Chuma kilichokuwa kinene kikishaliwa na kutu hukatwa na kuwekwa kipya. Panga boi hutolewa, mhimili wake hukaguliwa, usukani hunyooshwa, na milango ya kupandishia magari huchomelewa upya. Sehemu hizi haziwezi kuonekana chombo kikiwa kinaelea. Ndiyo maana kivuko kinaweza kuwa kinatembea vizuri na rangi inang'aa, na bado kikahitaji kuondolewa.

Na kazi hiyo inaweza kuchukua muda mrefu sana. MV Butiama ilisimama mwaka 2010 na MV Victoria ikasimama mwaka 2014. Zote mbili zilirudi majini mwaka 2020, baada ya ukarabati mkubwa uliofanyika Mwanza. Ni miaka kumi kwa moja na sita kwa nyingine. Sehemu kubwa ya miaka hiyo haikuwa ya kuchomelea vyuma, ilikuwa ya kusubiri kazi ianze.

Kwa nini isifanyike watu wakiwa wachache?

Hata sisi wakulima tunajua utaratibu. Jembe la kukokotwa na ng'ombe hutengenezwa kabla ya mvua. Kiwanda cha kuchambua pamba hufunguliwa mashine zake msimu ukiisha. Mbona vivuko visifanywe hivyo?

Mara nyingi ndivyo inavyotakiwa, lakini kuna mambo manne yanayovuruga mpango.

Moja, cheti kina tarehe ya mwisho. Kikiisha mwezi wa Desemba, chombo hakiruhusiwi kuendelea kwa sababu tu watu ni wengi.

Pili, chelezo ni chache. Vivuko na meli husubiri zamu, na kilichotangulia kikikutwa na kutu zaidi ya ilivyotarajiwa, wa nyuma wote wanasogezwa.

Tatu, vipuri vingi havipo dukani Mwanza. Huagizwa nje kwa aina ya injini iliyopo, na kipuri kikichelewa chombo kinakaa kikikisubiri.

Nne, msimu wenyewe ndio unaochosha chombo. Kivuko kilichokuwa kinakwenda safari nane kwa siku kikianza kwenda kumi na tano, saa za injini zinakimbia, breki za magari zinagonga mlango kila dakika, na kilichokuwa kibovu kidogo kinakuwa kibovu kabisa. Kwa hiyo kuharibika wakati wa watu wengi mara nyingi si bahati mbaya.

Chombo kikionyesha ubovu wa hatari, kukiondoa siku hiyohiyo ndilo jambo sahihi, hata kama gati limejaa. Abiria anayelalamika gatini bado yuko salama.

Kivuko cha kuazima hakichaguliwi kama basi

Kwenye barabara, mwisho wa mwaka abiria wakizidi, LATRA hutoa vibali vya muda na mabasi ya njia nyingine huletwa kusaidia. Basi la Dodoma linaweza kuja Bariadi bila shida kubwa, kwa sababu lami ni lami.

Majini si hivyo. Kabla kivuko hakijahamishwa kutoka njia moja kwenda nyingine, lazima maswali haya yajibiwe.

Je, mlango wake utakaa sawa kwenye gati la huko? Gati likiwa juu au chini sana, magari hayapandi. Kina cha maji ya Ziwa Victoria hubadilika, na mwaka 2020 na 2024 maji yalipanda sana hata baadhi ya magati na makazi ya ufukweni yakafunikwa. Gati lililofaa mwaka juzi linaweza lisifae leo.

Je, kina cha maji kinatosha, au kitagusa mchanga?

Je, kimejengwa kwa mawimbi ya njia hiyo? Chombo cha kuvusha watu kwenye mlango mwembamba wa maji si lazima kiweze ziwa la wazi, ambako upepo wa mchana huinua mawimbi.

Je, nahodha na mafundi wake wanaijua njia hiyo, mawe yake na upepo wake?

Na cheti chake kinaruhusu njia hiyo?

Yote yakijibiwa vizuri, bado linabaki swali la ukubwa. Ndilo ambalo sisi abiria tunalisahau.

Hesabu ya gatini

Tuchukue mfano. Tuseme kivuko cha kawaida kinabeba abiria 300 na kinakwenda safari sita kwa siku upande mmoja. Hiyo ni abiria 1,800. Kimeondolewa, kimeletwa kinachobeba 100. Kikienda safari zilezile sita kitavusha 600. Watu 1,200 wamebaki gatini.

Ili kuwavusha wote, kivuko kile kidogo kinatakiwa kiende safari 18. Mchana hautoshi, mafuta hayatoshi, na mabaharia wanachoka.

Hapo ndipo kishawishi huzaliwa. Mmoja anasema, "Ongeza kumi tu." Mwingine ana mgonjwa. Mwingine anakwenda msibani na hawezi kukosa mazishi. Mwingine ana magunia ya dagaa yatakayoharibika. Kila mmoja ana sababu ya kweli, na hakuna hata mmoja anayeonekana kuwa mkosaji. Lakini kumi wakiongezwa mara kumi, ni mia.

Wakulima wanaijua lumbesa. Gunia limejaa, linashonewa kilemba juu, linauzwa kama gunia moja. Kwenye gunia anayeumia ni mkulima. Mkokoteni wa ng'ombe ukipakiwa lumbesa za pamba hadi juu, tairi likiingia shimoni kidogo tu unalala ubavu, ingawa mzigo wa chini ungepita vizuri. Chombo cha majini kina tabia hiyohiyo. Uzito ukizidi kinazama zaidi, na watu wengi wakisimama juu, uzito unapanda juu. Kikikata kona, au watu wakikimbilia upande mmoja wa kushukia, kinalala na hakiinuki tena.

Kilichotokea Ukara

Hatusemi haya ya kutisha. Yalitokea jirani zetu.

Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya Alhamisi, kivuko MV Nyerere kilitoka Bugolora, Ukerewe, kwenda kisiwa cha Ukara. Ilikuwa siku ya gulio Bugolora. Kilikuwa kivuko cha mwaka 2004 chenye uwezo wa abiria 101. Kilipinduka karibu kabisa na gati la Bwisya, watu wa nchi kavu wakiona kwa macho. Zaidi ya watu 220 walipoteza maisha. Walionusurika walikuwa 41. Ukijumlisha tu hesabu hizo mbili, unaona kivuko kilibeba zaidi ya mara mbili ya uwezo wake.

Kuna jambo moja tungependa ulikumbuke. Injini za MV Nyerere zilikuwa zimeshughulikiwa miezi michache tu kabla ya ajali. Kwa maneno mengine, matengenezo yalikuwa yamefanyika, lakini injini nzima haiwezi kukiokoa chombo kilichojazwa kupita kiasi.

Miaka 22 kabla ya hapo, tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba yenye uwezo wa abiria 430 ilizama ikikaribia Mwanza. Zaidi ya watu 800 walikufa. Nayo ilikuwa imejaza kupita kiasi. Ajali zote mbili zilitokea safari ikiwa karibu kuisha.

Dar es Salaam nao walijifunza

Mfano wa kivuko kimoja kikubwa kuondoka uko Kigamboni. MV Magogoni ndicho kikubwa kuliko vyote pale, kwa uwezo wa abiria 2,000 na magari 60. Mwaka 2023 kilipelekwa Mombasa, Kenya, kwa ukarabati mkubwa, na kazi ikachelewa kuliko ilivyopangwa. Vilivyobaki, MV Kigamboni na MV Kazi, ni vidogo kuliko hicho, na navyo vinahitaji sevisi. Foleni ikawa ndefu, na wakazi wakalalamika.

Suluhisho lililotafutwa lilikuwa kuongeza vyombo vingine. Boti ndogo za kampuni ya Azam Marine zililetwa kusaidia kuvusha watu. Somo lake ni rahisi kulieleza. Kikiondoka kikubwa, jibu ni vyombo zaidi na safari zaidi, kila kimoja kikibeba kiasi chake.

Kuna nafuu inakuja

Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alifungua Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita tatu. Safari ya maji iliyokuwa na foleni za saa nzima na zaidi sasa ni ya dakika chache kwa gari.

Kwa wasafiri wa Geita ni furaha. Kwa wasafiri wa njia nyingine za ziwa ni matumaini pia, kwa sababu pale Kigongo vilikuwepo vivuko vikubwa, MV Mwanza, MV Misungwi na MV Sengerema. Njia yenye kivuko kimoja tu haina akiba, kwa hiyo kikienda chelezo wananchi wanabaki na mitumbwi. Vivuko vilivyopumzishwa na daraja vinaweza kuwa akiba hiyo, mradi maswali tuliyoyataja ya gati, kina, mawimbi na cheti yajibiwe kwanza.

Pia Serikali iliipa kampuni ya Songoro Marine ya Mwanza kazi ya kujenga vivuko vipya, vikiwemo vya njia ya Ijinga na Kahangala wilayani Magu, na Kisorya na Rugezi. Njia hii ya pili ndiyo ya wengi wetu tunaokwenda Ukerewe.

Wewe msafiri ufanye nini

Kabla ya kuondoka nyumbani, mpigie ndugu yako aliye ng'ambo umuulize ni kivuko gani kinafanya kazi leo. Ukisikia cha kawaida kimeondolewa, ongeza siku moja kwenye safari yako, na beba nauli ya kulala.

Ukifika gatini, tafuta bango linaloonyesha uwezo wa chombo, au muulize mhudumu linabeba wangapi. Swali hilo si ukorofi, ni haki yako.

Angalia jaketi za kujiokolea ziko wapi kabla chombo hakijang'oa. Mwenye mtoto aangalie ya mtoto. Mizigo mizito ibaki chini.

Sikiliza utabiri wa hali ya hewa wa TMA kwa Ziwa Victoria. Tunausoma kwenye taarifa zetu.

Kivuko kikikaribia gati, kaa ulipo hadi kifungwe kamba. Usikimbilie mlangoni.

Ikitokea dharura, piga 114 kwa Zimamoto na Uokoaji, au 112 kwa Polisi.

Na la mwisho ndilo gumu kuliko yote. Ukiona kimejaa, shuka. Usimuombe nahodha akuongeze, wala usimpe mtu fedha akupitishe. Nahodha anayesema "imetosha" anatukanwa sana gatini, lakini siku hiyo yeye ndiye rafiki yako wa kweli. Tukimuunga mkono sisi abiria, anapata nguvu ya kukataa. Tukimzomea, siku moja atakubali.

Kwa hiyo, ndugu yetu wa Binza, jibu letu ni hili. Kivuko kuondolewa kwenda matengenezo kusikutie hofu, hata kama ni Desemba. Kilicholetwa nacho kinaweza kuwa salama kabisa, kama kina cheti cha njia hiyo na kimebeba idadi yake. Cheti ni kazi ya wakaguzi. Idadi ni kazi ya wahudumu wa gati, ya nahodha, na yetu sisi tunaopanda.